Tangi la Ziwa Moja

Samaki wa kwanza wameingia leo katika tangi langu la lita 240, na wote ni wa Ziwa Tanganyika. Rafiki zangu hapa Dodoma walinihimiza nichanganye samaki wa mapambo wa kila aina ili rangi ziwe nyingi, lakini mimi nataka kuwaona samaki wakiishi kama wanavyoishi kwao, na hilo ni gumu ikiwa mmoja ametoka Amazon na jirani yake Ziwa Nyasa.

Maji ndiyo yaliyonipa moyo. Maji yetu ya visima ni magumu, sabuni haitoi povu upesi, na kila mfua nguo huyalalamikia. Kumbe samaki wa Tanganyika, ambao ziwa lao lina madini mengi na pH (kipimo cha asidi na alkali cha maji) inayokaribia 9, huhitaji maji ya namna hiyo hiyo. Kwa kuwa amonia inayotokana na uchafu wa samaki huwa sumu kali zaidi pH inapokuwa juu, niliacha kichujio kifanye kazi mpaka bakteria wake wanaoivunja wakajijenga, ndipo nikaleta samaki.

Nimeanza na Lamprologus ocellatus, samaki wadogo waishio ndani ya magamba ya konokono, ambao ni jamaa wa mbali wa kuhe tunayemla Kigoma. Kule ziwani hutumia magamba ya konokono aitwaye Neothauma. Mimi nimewapa ya konokono wa shambani, niliyoyachemsha vizuri. Dume, ambaye hafiki hata sentimita 7, alilizunguka gamba alilolichagua, akachota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, akazidi kuchimba chini yake na kulisukumasukuma mpaka likazama lote, likabaki tundu tu la kuingilia. Sijapata kuona fundi mwenye subira kama huyo.

Upande wa mawe nitaweka Julidochromis ornatus, ambao hutaga katika nyufa, na maji ya juu yatakuwa ya kundi la Cyprichromis leptosoma, ambao majike yao huatamia mayai mdomoni. Kila aina ina mahali pake, hivyo ugomvi hupungua.

Hata hivyo, kutaja ziwa peke yake hakutoshi. Tanganyika ina urefu wa karibu kilomita 670, na samaki wengi wa mawe hawathubutu kuvuka mchanga mpana wala vilindi, ndiyo maana kila mwambao una rangi zake. Tropheus, samaki mmojawapo wa mawe, wa Ikola upande wa Tanzania ni mweusi mwenye mkanda mpana wa njano, ilhali wa Moliro, upande wa Kongo, ni mwekundu. Ukiwaweka pamoja wanaweza kuzaana, na watoto wao hawatakuwa wa Ikola wala wa Moliro. Kwa sababu hiyo nimemwomba muuzaji wa Kigoma anitajie kijiji walikovuliwa Cyprichromis wake kabla sijamtumia pesa. Asipoweza kukitaja, sitawanunua, na sehemu ya juu ya tangi itakaa wazi hadi nipate wanaojulikana kwao.