Shosho na Fomu ya Mkopo

Agosti 2023 ulikuwa mwezi wa fomu. Serikali ya Kenya ilikuwa imebadilisha ufadhili wa vyuo vikuu: badala ya ruzuku kupelekwa chuoni kwa kila aliyeitwa na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, sasa mwanafunzi mwenyewe aliomba ufadhili na mkopo mtandaoni, na kiasi alichopata kilitegemea hali ya nyumbani kwao. Waliofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2022 ndio waliotangulia kuupitia mfumo huo, wakiwemo vijana wetu wa mtaa wa mabanda wa Mathare, Nairobi.

Mpango wetu wa kuwasaidia kufika chuoni ulikuwa mdogo. Ukumbi wa kanisa wa kuazima kila Jumamosi, kompyuta chache za mitumba, na wanafunzi wa zamani waliorudi kuwashika mkono wadogo wao. Wafadhili walipenda kulipa karo. Bando, chai na nauli ya matatu ya kijana anayeshinda na mzazi wakijaza fomu hawakutaka kuvisikia, ilhali watoto wengi wa mtaani hupotelea hapo hapo, kati ya barua ya kuitwa na siku ya kuripoti.

Jumamosi moja alikuja binti aliyeitwa kusomea uuguzi, na shosho yake, yaani nyanya yake, aliyemlea tangu mamake afariki. Kwenye bahasha walikuwa na kila kitu: vitambulisho, nambari za KCPE ya shule ya msingi na za KCSE, hata cheti cha kifo cha mama. Kisha yakaja maswali ya mapato, kodi na chakula.

"Andika tunakula vizuri," shosho akasema. "Na kodi nalipa. Mimi si ombaomba, mwalimu."

Binti akainama. Mimi nilimwelewa shosho. Alikuwa amefua nguo za watu Eastleigh miaka na miaka ili asidaiwe na mtu, na sasa alitakiwa akiri ukata wake mbele ya wageni. Hadi leo naona huo ndio udhaifu mkubwa wa mfumo ule: mwenye staha hujipunguzia msaada kwa ulimi wake mwenyewe.

Kijana wetu mmoja, wakati huo yuko mwaka wa tatu, akavuta kiti.

"Shosho, siku hakuna nguo za kufua, mnakula nini?"

"Tunakunywa chai."

"Na unga?"

"Nakopa dukani. Lakini hulipa!"

"Basi tuandike hivyo. Unakopa, na unalipa."

Shosho akafikiri. "Hiyo ni kweli. Andika."

Wakaendelea hivyo, swali kwa swali, hadi jioni fomu ikatumwa. Mimi nisingeweza kuuliza vile. Yeye alikuwa amelelewa na nyanya wa aina hiyo hiyo.

Baadaye, nilipokutana na wafadhili, niliwakumbusha safari za wanafunzi zilizoandaliwa na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya. Mwaka 1959 vijana 81 walisafiri kwenda Marekani. Vyuo vilikuwa vimewapa nafasi, lakini nafasi bila nauli ni karatasi tu. Ilibidi Mboya azunguke Marekani akichangisha, na Wamarekani mashuhuri, mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, watie saini barua ya kuomba michango.

Kwenye bajeti iliyofuata niliongeza posho ya wanafunzi wa zamani wanaokaa na wazazi. Mfadhili mmoja akaifuta. Akina mama wa kanisa wakachanga wenyewe, na kijana yule akaja Jumamosi iliyofuata na wenzake wawili.