Ufunguo Upo, Picha Haiendi: Nilivyoinyoosha Proksi ya Ofisi Yetu

Sisi ni mawakala wa kugomboa mizigo hapa Mombasa, na wenzetu wengi hawakai mezani. Kuna anayeshinda Kilindini akipiga picha sili za makontena, kuna aliyeko mizani ya Mariakani, na kuna anayekaa Malaba kusubiri malori ya Uganda yavuke. Mfumo wa ofisi haumpokei mtu anayekuja na anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) isiyo kwenye orodha yake, na anwani za simu hazitulii. Ndiyo maana tumekodi seva ya proksi, yaani kompyuta ya katikati inayopokea mawasiliano ya simu na kuyapeleka ofisini kwa anwani moja, na kila simu ina programu inayopitishia kazi za ofisi hapo. Inapofanya kazi, picha ya sili inaonekana ofisini dereva akiwa bado anakunja turubai. Isipofanya kazi, lori linasimama, na lori likisimama kuna mtu anayelipia.

Nami ndiye ninayeangalia kompyuta za ofisi, kwa hiyo simu zote ziliishia kwangu, na maneno yalikuwa karibu yale yale: "Kaka, ufunguo upo, lakini picha haiendi."

Nianze na huo ufunguo, kwa sababu unapoteza watu wengi. Android huweka ile alama ya ufunguo juu ya skrini mara tu programu inapofungua njia yake ndani ya simu yenyewe. Haimaanishi kwamba seva imejibu. Zima seva kabisa, ufunguo utabaki pale pale. Niliwaomba wenzangu waache kunitajia ufunguo, badala yake waniambie mambo matatu: uko kwenye Wi-Fi au data, ilitokea saa ngapi, na ule ujumbe wa kosa unasemaje neno kwa neno. Saa naitaka ili niangalie logi ya seva, yaani kumbukumbu ya kila anayegonga mlango wake. Nikiikuta simu yako imo kwenye logi, basi ilifika na ikakataliwa. Nisipoikuta, ilipotelea njiani. Hapo nusu ya kazi imeisha.

Maneno ya kosa nayo yanatofautiana sana. Ukiambiwa muunganisho umekataliwa, mara nyingi umefika kwenye mashine lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti uliyoigonga (mlango wa seva unaotambuliwa kwa namba), kwa hiyo angalia namba ya poti au uone kama huduma ya seva imezimika. Ukiambiwa muda umekwisha, hakuna jibu lililorudi: ama anwani si sahihi, ama mtandao wenyewe ni mbovu, ama kuna ukuta wa ulinzi wa mtandao unaomeza kila kitu kimyakimya. Kilindini ilikuwa hilo la mwisho. Data ilipita, Wi-Fi ya wageni ya jengo moja ikagoma kila mara, kwa sababu ilikuwa inaruhusu poti za tovuti tu. Nikahamishia huduma yetu kwenye poti 443, ile ya HTTPS inayotumiwa na tovuti salama, na Kilindini pakatulia.

Kesi iliyonifundisha zaidi ni ya mwenzetu aliyerudi kutoka Muscat na simu yake. Yake ilikataa moja kwa moja. Nikaiweka kando ya simu yangu, laini ya kampuni ile ile, mipangilio ile ile niliyoinakili kwa QR, na yangu inapita. Tovuti za kawaida kwake zilifunguka vizuri. Kwenye logi, simu yake ilikuwa inafika, kisha inafukuzwa.

Itifaki tunayotumia, yaani kanuni za simu na seva kuzungumza, ni VMess, na VMess inaangalia saa. Saa ya simu na ya seva zisipishane zaidi ya sekunde 90, na hesabu inafanywa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, si kwa saa unayoiona kwenye skrini. Nikatazama simu mbili: dakika zinalingana kabisa. Ndipo nikafungua mipangilio ya tarehe na saa. Ukanda wa saa ulikuwa bado wa Muscat, UTC+4. Alipotua Mombasa alirudisha saa nyuma kwa mkono na ukanda akauacha ulivyo. Kwa hiyo ilipokuwa saa nne asubuhi hapa, yaani saa moja asubuhi kwa UTC, simu yake iliamini UTC bado ni saa kumi na mbili. Skrini ilisema kweli, lakini simu ndani yake ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Tovuti hazikulalamika kwa kuwa vyeti vyao vya usalama hudumu kwa wiki au miezi, na saa moja haivitishi. Nikawasha saa ya kujirekebisha yenyewe, na ukanda nao pia, proksi ikaingia papo hapo. Sasa hilo ndilo la kwanza ninaloangalia kwa yeyote mwenye simu iliyovuka bahari.

Malaba palinisumbua kwa namna nyingine: panafanya kazi, panakufa, panafufuka. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ndiyo maana kila dawa ilionekana kama haifui dafu. Kwanza betri. Tangu toleo la 6, la mwaka 2015, Android huilaza simu isiyoguswa na kuzibana programu zisitumie mtandao, na watengenezaji wengine wanaongeza ukali wao juu yake. Dalili ni kwamba inakufa skrini ikizimwa na kurudi ukiifungua programu. Niliiondoa proksi kwenye udhibiti wa betri na kuiruhusu ifanye kazi chinichini.

Pili, mpaka. Simu ikiwa Malaba hunasa mtandao wa Kenya, mara wa Uganda. Kila ikihama, anwani inabadilika na muunganisho wa zamani unabaki ukining'inia, programu ikisubiri jibu ambalo halitakuja. Tukachagua mtandao kwa mkono na kuzima data ya nje ya nchi kwa wanaokaa upande huu.

Tatu, ukimya. Kampuni za simu huwabana wateja wengi nyuma ya anwani moja, na muunganisho usiopitisha kitu hufutwa bila simu kujulishwa. Kama anwani ya simu yako ikiwa kwenye data inaanza na 100.64 hadi 100.127, uko humo. Nikaweka ishara ndogo ya kila dakika ili njia isifutwe. Inakula betri kidogo, na kwa kazi yetu nakubali gharama hiyo.

Jambo jingine ninalolisisitiza: pitisha kwenye proksi programu ya ofisi peke yake. Mwanzoni simu nzima ilipitia huko, video na kila kitu, seva ikalemewa na bando likaisha mapema. Programu nyingi za aina hii zina orodha ya kuchagua kipi kipite.

Bado kuna vipande vya barabara ambako mtandao wenyewe hakuna, na huko hakuna mpangilio utakaosaidia. Wenzetu wanapiga picha, programu ya ofisi inaziweka kwenye foleni, na zinaondoka simu inaponasa mnara tena.