Nilivyoacha kuitafuta "ni" katika Kiarabu

Miezi mitatu madrasani hapa Ujiji nilikwama kwenye sentensi moja: al-baytu kabirun, nyumba ni kubwa. Hiyo "ni" iko wapi? Nikawa nachomeka kiwakilishi cha Kiarabu "huwa" (yaani "yeye") kila mahali, na ustadhi anakikata kwa wino mwekundu.

Kilichonifungua ni methali aliyopenda bibi: "Ukubwa jalala." Haina kitenzi, haina "ni", na hakuna Mswahili anayeona pengo. Kiarabu nacho hukaa vivyo hivyo: mubtada (kinachozungumziwa), kisha khabari (kinachosemwa juu yake), zote mbili katika hali ya rafu'i, yaani mwisho wa -u au -un.

Ikabaki kutofautisha sentensi na kirai. Sasa naangalia "al", kiambishi kinachoonyesha kitu mahususi. Al-baytu al-kabiru, "al" zikiwa mbili, ni "nyumba kubwa" tu. Msikilizaji bado anangoja. Ikiwa mubtada pekee ndiyo yenye "al", habari imekamilika. Na nikitaka kusema "nyumba ndiyo ile kubwa", hapo "huwa" hupata kazi yake halali: al-baytu huwa al-kabiru.

Ninachokipenda zaidi ni wakati uliopita. Kitenzi "kana" hujitokeza, kana al-baytu kabiran (nyumba ilikuwa kubwa), na khabari hubadili mwisho wake: -un inakuwa -an. Wiki hiyo daftari langu lilirudi bila wino mwekundu.