Kura sita, na bahasha juu ya friji ya Mama Mkubwa

Bahasha ile ilikaa juu ya friji wiki tatu. Ilikuwa Oktoba 2020, hapa Iowa City, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya kura ya Mama Mkubwa, ya kwanza tangu aape kuwa raia wa Marekani. Kila nilipopita kumletea unga au dawa alinikumbusha: "Mwanangu, kaa hapa tuijaze." Nami nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Kesho, Mama. Keshokutwa. Mwisho nikamwambia neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Mama, kura moja itabadili nini katika nchi ya watu wengi namna hii?"

Akanyamaza. Bahasha ikabaki pale pale, na siku ya kupiga kura ikapita.

Kiti kilichokuwa kikigombewa kwetu ni cha Baraza la Wawakilishi kule Washington. Baraza hilo lina viti 435 na kila baada ya miaka miwili vyote vinarudi kwa wananchi. Iowa ina viti vinne tu. Chetu wakati huo kiliitwa Wilaya ya Pili, kaunti 24 za kusini mashariki, kuanzia miji ya mto Mississippi kama Davenport mpaka mashamba ya mahindi usikoona nyumba ya jirani. Dave Loebsack wa chama cha Democrat alikuwa anastaafu. Waliotaka nafasi yake ni Rita Hart, Mdemocrat, mkulima na seneta wa zamani wa jimbo, na Mariannette Miller-Meeks, Mrepublican, daktari wa macho aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye tayari alikuwa ameshindwa mara tatu mbele ya Loebsack.

Usiku wa matokeo Miller-Meeks alikuwa mbele kidogo. Kaunti moja ikagundua imekosea kujumlisha, Hart akatangulia. Kaunti nyingine ikagundua kosa lake, Miller-Meeks akarudi mbele. Wakahesabu upya kaunti zote 24. Tarehe 30 Novemba matokeo yakathibitishwa: Miller-Meeks 196,964, Hart 196,958.

Tofauti ya kura sita, katika karibu kura 394,000.

Nilimsomea Mama Mkubwa habari hiyo jikoni kwake. Aliniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri, labda ni elfu sita. Nikamwonyesha simu. Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kwa majina: yeye mwenyewe, binti yake, mume wa binti yake, mpwa wetu wa pale juu, jirani yetu na mkewe. Vidole sita. Wote raia, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepiga kura. Hakunilaumu. Aliinuka, akaitoa bahasha juu ya friji, akaifuta vumbi kwa kanga na kuiweka kwenye begi la hati zake, pamoja na karatasi za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Ningefurahi zaidi kama angenifokea.

Sisi ni watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Tulikimbia 1996, tukaishi Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, miaka mingi kuliko tulivyodhani, na tulifika Iowa 2013. Mama Mkubwa hakuwahi kuonja uchaguzi wa kweli. Ujanani mwake, enzi za Mobutu, mgombea urais alikuwa mmoja. Nchi yetu ilipopiga kura 2006 yeye alikuwa kambini, nje ya mipaka. Uraia wa huku aliupata kwa jasho. Alikariri maswali 100 ya historia na serikali huku akichambua maharage, mimi nikimuuliza naye akijibu kwa Kiingereza chake. Wakati huo, siku ya mtihani walikuwa wanauliza mpaka kumi, na ukipata sita umefaulu. Alifaulu. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwambia kura yake haibadili kitu.

Rita Hart alipeleka malalamiko kwenye Baraza lenyewe akidai kura 22 halali hazikuhesabiwa, kisha akayaondoa mwishoni mwa Machi 2021. Miller-Meeks alikuwa ameshaapishwa tangu Januari. Kwetu nyumbani mambo ndiyo yalikuwa yanaanza. Nilijiwekea nadhiri kwamba hakuna bahasha itakayolala tena juu ya friji ya mtu ninayemjua.

Jaribio la 2022 lilikuwa dogo. Ramani ilikuwa imechorwa upya, kwa hiyo tulilala Wilaya ya Pili tukaamka Wilaya ya Kwanza bila kuhamisha hata kijiko. Nataja ramani kwa sababu inaeleza mengi. Majimbo mengi wanasiasa huchora mipaka ya kujifaa wenyewe. Iowa rasimu hutengenezwa na watumishi wa bunge la jimbo wasio wa chama chochote, ndipo wabunge huipigia kura, na ndiyo sababu mojawapo ya wilaya yetu kuwa ya kushikana koo. Mwaka huo Miller-Meeks alimshinda Christina Bohannan, profesa wa sheria wa hapa hapa Chuo Kikuu cha Iowa, kwa zaidi ya kura 20,000. Tulipiga kura mimi na Mama Mkubwa, basi. Wengine waliniambia, "Unaona? Elfu ishirini." Sikuwa na jibu.

Mwaka 2024 wale wale wawili walirudi uwanjani, na matangazo yakatufunika. Kwenye televisheni, kwenye simu, kwenye sanduku la barua. Mama Mkubwa alikusanya zile kadi za rangi kwenye kikapu, akifikiri ni barua za serikali. Alipojua ni za kampeni alizigawa mafungu mawili mezani na kunitaka nimtafsirie zote, za upande huu na za upande ule. Nilitafsiri. Ilichukua Jumapili mbili.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Shida ya watu wetu haikuwa uvivu. Karatasi ya kura ya hapa ni ya Kiingereza na ni ndefu. Unaanza na rais, unashuka kwa mbunge wa Washington, wabunge wa jimbo, viongozi wa kaunti, kisha majaji ambao unaulizwa wabaki au waondoke, na mwisho maswali ya katiba. Mtu anayejua Kiingereza cha kiwandani na cha dukani anaiona karatasi hiyo kama hati ya mahakama. Anaogopa kukosea, na kwa mkimbizi kosa kwenye karatasi ya serikali si jambo dogo. Miaka yote tumeishi tukijua kwamba jina lililoandikwa vibaya linaweza kukurudisha mwisho wa foleni ya miaka mitano.

Kwa hiyo nilichapa mfano wa karatasi ya kura ambao kaunti huutoa mapema, nakala kumi na mbili, na kando ya kila kipengele nikaandika Kiswahili kwa kalamu. Neno "district" nililiandika "wilaya", Mama Mkubwa akakataa, akasema kwake wilaya ina mkuu wa wilaya na askari. Tukakubaliana niandike "eneo la kiti". Maneno kama hayo ndiyo yaliyotula muda.

Kuna sheria iliyoniokoa, nataka kila Mswahili aliye Marekani aijue. Sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura, kifungu cha 208, inamruhusu mtu asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi msaidizi huyo asiwe mwajiri wake, mtu wa mwajiri wake, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Hulazimiki kumtegemea karani usiyemjua. Mnajaza fomu, mnasaini, mnaendelea.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi hofu ikatuingia. Ilitangazwa kwamba kuna orodha ya majina 2,176 ya watu waliowahi kusema si raia walipokuwa wakishughulikia leseni za gari, na ambao walikuwa wamejiandikisha au wamepiga kura. Wakiwa kwenye orodha hiyo, kura zao zilipaswa kuwekwa kando mpaka waonyeshe uthibitisho wa uraia. Lakini sisi sote tulichukua leseni kabla ya kuapa! Mtu anachukua leseni mwaka wa kwanza ili aende kazini, uraia unakuja baada ya miaka mitano. Kesi ikaenda mahakamani na jaji wa shirikisho, Jumapili ya tarehe 3 Novemba, akaruhusu utaratibu uendelee. Watatu katika watu wangu walinipigia kusema hawaendi. Nilirudi kwa kila mmoja, nikakaa, nikanywa chai. Niliwaambia jambo moja tu: beba cheti chako cha uraia chenyewe, kiweke kwenye plastiki, na hakuna atakayekuzuia. Wawili walikubali.

Mama Mkubwa hakusubiri hofu. Kura ya mapema ilifunguliwa tarehe 16 Oktoba, na juma hilo hilo tulikwenda jengo la kaunti, Dubuque Street. Alivaa kitenge cha sherehe na kilemba. Karani aliomba kitambulisho tu, akampa fomu, akampa karatasi.

Tuliketi kwenye kijimeza chenye ukuta wa kadibodi. Nilimsomea kwa sauti ya chini. Tulipofika kwenye kiti cha Washington akanigeukia: "Wewe unampa nani?"

Nataka kusema ukweli, hapo nilijaribiwa. Nilikuwa na maoni yangu, na nilijua ningetikisa kichwa tu angefuata. Nikamwambia, "Mama, hapo siwezi kukusaidia. Zile kadi nilikusomea zote." Akaninyooshea macho kwa muda, kisha akachukua kalamu na kukijaza kijiduara yeye mwenyewe, polepole, bila kuvuka ukingo, kama mtu anayetia wino kucha. Alichokijaza kipi, ni siri yake.

Kisha tukafika kwenye swali la katiba. Katiba ya Iowa ilikuwa inasema kila raia ana haki ya kupiga kura, na swali lilikuwa kama maneno yabadilishwe yasomeke kwamba ni raia peke yake. Nilipomaliza kutafsiri mkono wake ulisimama. "Na mimi niliyeapa, nimo?" Nikamwambia yumo, aliyeapa ni raia kama aliyezaliwa hapa. "Basi kwa nini wanauliza?" Nilimweleza nilivyoweza, hoja za wanaotaka na za wasiotaka. Alikaa kimya kama dakika mbili. Nyuma yetu foleni ilikuwa inasogea, na sikumharakisha. Akajaza. Akafunga bahasha, akatia sahihi, na safari hii bahasha haikurudi nyumbani.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa mhamasishaji. Alisimama kanisani baada ya matangazo na kuinua vidole sita. Hakueleza mengi. Jumamosi zilizofuata gari langu lilikwenda na kurudi, na siku yenyewe, tarehe 5 Novemba, nilifanya safari nne kabla ya saa mbili usiku, vituo vilipofungwa. Mpwa wetu hakuwa amejiandikisha, lakini Iowa unaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Bili ya umeme ilitosha. Kwa jumla watu kumi na mmoja.

Mmoja zaidi aliyetaka kwenda nilimkosa. Papa mmoja, ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita mzee, wa kiwanda cha nyama alikuwa amehamia kaunti nyingine wiki chache kabla, leseni yake ina anwani ya zamani na nyumba mpya haina hata bili moja yenye jina lake. Tulihangaika kwa simu mpaka saa moja na nusu usiku. Niliposema haiwezekani tena alinishukuru kwa unyenyekevu, akaenda zamu. Nilikaa garini nikaona uchungu. Ningemuuliza mwezi mmoja kabla, lingekuwa jambo la dakika kumi.

Matokeo yalipotoka, katika zaidi ya kura laki nne, Miller-Meeks na Bohannan walikuwa wametengana kwa kura zisizofika 800. Wakahesabu tena. Mwishoni mwa Novemba ikathibitika kwamba Miller-Meeks amekitetea kiti.

Nilikwenda kumwambia Mama Mkubwa. Nilimkuta anasonga ugali, ile stika ndogo ya kupiga kura imebanduliwa kwenye kitenge na kubandikwa kwenye jalada la Biblia yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akapakua, akanawa mikono.

"Yule Papa wa kiwandani," akasema, "ameshabadilisha anwani?"

Nikasema bado. Akanisogezea simu yangu mezani.