Molekuli isiyo na mikono haitoi umeme: salamu kutoka Uppsala

Desemba hapa Uppsala, Uswidi, jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Seli zetu za jua tunazipima chini ya taa inayoiga jua, miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba. Ninyi wa Kampala mnalipata bure mchana usio na mawingu. Kwa hiyo wadogo zetu wa Makerere, Kyambogo na Arua mnaouliza mjiandae vipi kuja kusomea usanisinuru bandia, yaani kuiga jani linavyotumia mwanga, tengenezeni kwanza seli ya rangi, seli ya jua ambayo rangi ndiyo hunasa mwanga, ya aina waliyoitangaza O'Regan na Grätzel mwaka 1991. Makosa mengi tunayohangaika nayo huku kwa mashine za bei mbaya mtayakuta humo.

Kwenye jani, klorofili hukamata mwanga, kisha elektroni humrukia jirani kabla haijapata nafasi ya kurudi. Kwenye seli hii jirani ni dioksidi ya titani, unga mweupe ambao peke yake hunasa urujuanimno tu. Rangi ndiyo inayonasa mwanga uliobaki. Wengi hudhani ikikolea inatosha. Wapi! Molekuli lazima iishike titani.

Chukua rozela. Molekuli za rangi zilizomo, delfinidini na sianidini, zina haidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni) mbili zilizokaa jirani kwenye pete moja, nazo hubana atomu ya titani kama koleo. Stroberi ni nyekundu vilevile, lakini rangi yake, pelagonidini, ina haidroksili moja tu kwenye pete hiyo. Ukisuuza, inakwenda na maji. Dodo, yaani mchicha, likitwangwa na kulowekwa kwenye spiriti hutoa kijani cha kupendeza na umeme wa kukatisha tamaa, maana klorofili ya asili ina mkia mrefu wa mafuta pale ambapo sisi tunataka asidi ya kaboksili. Wabunifu wa molekuli huanzia hapo: pofirini, molekuli ya pete iliyo ndugu wa klorofili, yenye zinki katikati, upande mmoja kundi linalosukuma elektroni, upande wa pili asidi ya benzoiki ya kushikia titani, na minyororo ya kaboni ubavuni ili molekuli zisilaliane. Mwaka 2011 moja ya hizo, ikichanganywa na rangi nyingine, ilifikia ufanisi wa asilimia 12.3. Rozela yenu haitafika hata asilimia moja, na si aibu.

Unga wa dioksidi ya titani usinunue duka la rangi za nyumba. Ule kwa kawaida ni rutaili, aina moja ya fuwele za unga huo, ya chembe kubwa zilizopakwa tabaka la kuzilinda. Tafuta aina nyingine, anatasi, ya chembe za nanomita 20 hivi. Weka gramu 6 kwenye kinu cha kauri, ongeza asidi asetiki iliyozimuliwa hadi pH 3 au 4, mililita moja moja hadi zifike 9, ukisaga kwa nusu saa mpaka uwe laini kama uji wa mtoto. Malizia kwa tone la sabuni ya vyombo isiyo na rangi, na usikoroge kwa nguvu: povu likiingia, kila kipovu kitakuwa tundu.

Kioo ni kile chenye ukoa unaopitisha umeme. Upande wake utaujua kwa multimita, usome omu 10 hadi 30. Bandika tepe kingoni, buruta uji kwa kijiti cha glasi, acha ukauke, choma nyuzi 450 kwa dakika 30. Ukoa wa titani utageuka kahawia, kisha utarudi kuwa mweupe. Ukiutoa ukiwa kahawia, sabuni bado haijaungua. Sigiri haifai: moto wake hautulii, na ukizidi kioo kinapinda. Acha kipoe chenyewe hadi nyuzi 80, hapo ndipo ukizamishe kwenye rozela. Kikipoa kabisa, vitundu vinanyonya unyevu wa hewa na rangi inakosa pa kushika. Magadi yasikaribie, rozela ikigeuka buluu imeharibika.

Suuza kwa maji, kisha spiriti, ukauke. Kioo cha pili kipake masizi ya mshumaa. Elektroliti, majimaji yanayopitisha umeme kati ya vioo, ni gramu 0.83 za iodidi ya potasiamu na gramu 0.127 za iodini katika mililita 10 za glikoli ya ethilini. Kulenti ya gari haifai, ina maji na dawa nyingine. Tone moja katikati ya vioo, bana kwa klipu, lakini chuma kisiguse majimaji: iodini hula shaba na fedha.

Juani utapata volti 0.4 hivi. Volti ikiwepo na mkondo haupo, mara nyingi rangi haikushika au ukoa wa titani umebanduka. Ikifanya kazi asubuhi na jioni imekufa, tazama elektroliti: ikiwa imepauka, iodini imetoroka pembeni. Weka tone jipya upime tena. Ikifufuka, rangi yako ilikuwa sawa. Isipofufuka, kivue kioo uone kama zambarau bado ipo.