Siku tuliyokwenda kukiona kimondo

Tulikuwa kidato cha tatu, tumepakiwa kwenye Fuso kutoka Mbeya mjini. Kabla ya kufika Vwawa tukaacha lami ya Tunduma, tukaingia njia ya vumbi kati ya mashamba ya kahawa. Mbozi, wilaya kilipo kimondo hicho kilichoanguka kutoka angani, ilikuwa bado mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja baadaye, 2016.

Kimondo chenyewe kina urefu wa mita 3 hivi, chuma karibu kitupu chenye nikeli kidogo, na uzito wake unakadiriwa kupita tani 10. Wavulana wakaanza kukisukuma, kama ilivyo ada. Mwalimu wa Fizikia akawaacha wahangaike, kisha akasema, “Mnadhani Dunia ndiyo iliyokivuta peke yake? Nacho kiliivuta Dunia, kwa kani ileile, bila kupungua hata chembe.”

Tulikuwa na mwenzetu mbishi tuliyemwita Wakili. “Sasa Mwalimu, mbona Dunia haikupanda kukilaki?”

“Ilipanda.”

Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Akaokota kijiti, akaandika mavumbini 6 na sifuri 24: hizo ndizo kilo za Dunia. Kani ni sawa kwa wote wawili, akasema, ila mwenye tungamo kubwa, yaani kilo nyingi, hukubali kusogea kwa shida. Tuseme kimondo kilianza kuanguka kutoka umbali wa Mwezi, kilomita 384,000, tukiacha kile kilichoungua angani. Tukagawanya na kufuta, tukagawanya tena. Dunia ingesogea chini ya sehemu moja ya mia ya upana wa atomi moja.

Mzee aliyekuwa akilinda pale alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. “Kwa hiyo, Mwalimu, tulitoka kwenda kumpokea mgeni?”

“Tulitoka, mzee wangu. Hatukufika mbali.”

Wakili akaruka juu, akatua kwa kishindo. “Basi nami nimeisogeza!” Jibu la Mwalimu hapo ndilo lililonikaa kuliko yote ya siku ile. Ukiruka, miguu yako inaisukuma Dunia chini. Ukiwa hewani unaivuta irudi juu. Ukitua, hesabu imefungwa, hakuna faida wala hasara. Kimondo si hivyo. Kilikuja na mwendo wake kutoka nje, na kilipotua mwendo ule ukabaki kwetu, umegawanywa kwa Dunia nzima, na milima yake na maziwa yake, hata Wakili.

Kama tulitaka kitu kinachoisogeza Dunia kweli, akaendelea, tuutazame Mwezi. Tungamo lake ni kama sehemu moja ya 81 ya Dunia. Hauizunguki Dunia iliyotulia. Vyote viwili huzunguka kitovu cha pamoja, kilichoko kilomita kama 4,700 kutoka katikati ya Dunia, yaani ndani ya ardhi hii hii. Kila mwezi Dunia inayumbishwa hivyo.

Wakati wa kurudi Mwalimu alikaa mbele na dereva, kwa hiyo ubishi wa Wakili ukatuangukia sisi wa nyuma. Kama tunayumbishwa kilomita zote hizo, alidai, mbona chai haimwagiki kikombeni? Nikamwambia chai, kikombe, meza na mnywaji wote wanaanguka kuelekea Mwezi kwa pamoja, hakuna anayemtangulia mwenzake. Tulikuwa tumefika Mbalizi. Akaniambia nimwache alale.