Mbao nne, mteremko mmoja: nilivyojua ubao upi unafaa theluji ipi

Swali lililonisumbua lilikuwa dogo: asubuhi hii, theluji ikiwa hivi ilivyo, nitoke na ubao upi wa kutelezea thelujini (snowboard)? Wauzaji wa mbao za kukata kona hujibu kwa namba, yaani urefu, upana wa kiuno (sehemu nyembamba ya katikati) na nusukipenyo cha upinde wa ubavu, ule mbonyeo wa kando ulio kama kipande cha duara. Namba hizo ni za kweli, ila zinaeleza ubao uliolala mezani. Theluji hubadilika saa kwa saa, na ubao uliokuwa mtulivu saa tatu asubuhi huweza kuanza kurukaruka ikifika saa saba mchana. Nikaamua kutumia msimu mzima kulinganisha mwenyewe, kwa utaratibu.

Watelezaji wengi hugeuka kwa kuuburuta ubao: mkia unachepuka, theluji inarushwa pembeni, mwendo unapungua. Kwenye kukata kona, ubao unalazwa juu ya makali yake ya chuma, uzito wa mwili unaupinda, na makali yote yanapita katika mfereji mmoja, pua ikitangulia na mkia ukifuata palepale. Kadiri unavyoulaza ndivyo kona inavyofupika. Ubao wenye nusukipenyo cha mita 10 ukilazwa nyuzi 45 hukata kona ya mita 7 hivi, na kona hiyo inataka mwendo wa takribani kilomita 30 kwa saa ili mwili nao ulale kiasi hicho bila kuanguka. Ubao wenye nusukipenyo cha mita 20, kwa mlazo uleule, unataka kilomita 42 kwa saa. Hesabu hiyo fupi ilinisaidia kuliko maelezo yote niliyosoma, kwa sababu iliniambia mapema kwamba kuna theluji ambayo haitaniruhusu kabisa kufika kilomita 42, na siku hiyo ubao wa namna hiyo utakuwa mzigo hata uwe umetengenezwa kwa ustadi gani.

Mbao zenyewe zilikuwa nne. Wa kwanza ni wa slalomu, yaani mbio za kupita kati ya vigingi kwa kona fupi: sentimita 163, kiuno sentimita 20, nusukipenyo karibu mita 11, mgumu, una tabaka za titanali, aloi ya aluminiamu, ndani. Wa pili ni wa slalomu kubwa, ambayo kona zake ni pana zaidi: sentimita 185, kiuno kinakaribiana na cha wa kwanza, nusukipenyo cha mita 20 hivi, nao una titanali. Wa tatu ni wa kukata kona bila mashindano: sentimita 171, kiuno sentimita 23, nusukipenyo mita 13, laini kuliko hao wawili, hauna chuma ndani isipokuwa makali yake, na pua yake imeinuliwa kidogo. Hao watatu huvaliwa na buti ngumu, miguu ikiwa imeelekezwa mbele. Wa nne ni mpana, sentimita 162 kwa kiuno cha sentimita 27 na nusu, wa buti laini. Upana huo una sababu yake: kwenye buti laini miguu hukaa kimshazari zaidi, na ubao ukiwa mwembamba vidole na visigino hutokeza nje, vikigusa theluji makali yanang'oka.

Jambo gumu lilikuwa kufanya ulinganisho uwe wa haki. Ukijaribu ubao mmoja leo na mwingine kesho, unalinganisha siku, si mbao. Kwa hiyo nilichagua mteremko mmoja wenye sehemu ya wima kiasi na sehemu tambarare, mbao zote zikakaa chini karibu na lifti, nikawa nabadilisha mshuko kwa mshuko. Ubao nilioanza nao ndio niliomalizia nao. Hilo ni muhimu sana: mpaka umefika ubao wa nne, jua limepanda na watu wamekwisha kuuchimba mteremko, na bila kurudia wa kwanza hutajua kama tofauti uliyoisikia ni ya ubao au ni ya theluji. Usiku uliotangulia nilinoa mbao zote kwa pembe zilezile, nyuzi 88 ubavuni na nyuzi 1 chini, kwa tupa kisha kwa jiwe la almasi, nikapaka zote nta ya aina moja. Makali nilikuwa nayapima kwa kupitisha ukucha: yakikwangua unga mweupe kotekote, yako tayari.

Sikutumia saa. Kipimo changu kilikuwa mstari ulioachwa kwenye theluji, na lifti ya viti ikipita juu ya mteremko ni mahali pazuri kuliko pote pa kuusoma. Mstari mwembamba kama wa kalamu maana yake makali yalishika kona nzima. Mstari unaopanuka kuelekea mwisho wa kona maana yake mkia uliteleza pale uzito ulipokuwa mkubwa. Vijimistari vingi vya kukatikakatika, ubao ulikuwa unaruka. Mwili hudanganyika kirahisi. Kona yenye kelele na vumbi la theluji hukufanya uhisi umefanya kitu kikubwa, kumbe mstari uliobaki pale chini ni mpana kama barabara.

Nianze na theluji ambayo kila mtu anaipenda, ile iliyosawazishwa kwa mashine jioni ikalala usiku kucha. Mashine huvunja chembe za theluji na kuzichanganya, kisha chembe hizo zikiachwa kwa saa kadhaa kwenye baridi huungana na kuwa tandiko moja gumu lakini lenye kukubali makali. Ndiyo maana mteremko uliosawazishwa jioni huwa imara kuliko uliosawazishwa alfajiri. Juu ya theluji hiyo mbao zote nne zilikata mistari safi. Ule mrefu ulikuwa na raha ya pekee, kona pana zenye kusukuma mwili kwa nguvu tulivu, sharti mteremko uwe mpana na hauna watu. Lakini kwa anayetaka kuchagua, theluji nzuri namna hii haisemi lolote. Inausitiri ubao mbaya. Wanaojaribu ubao wa kukodi asubuhi moja ya namna hiyo na kuununua jioni yake wamejaribu theluji tu.

Barafu ndiyo iliyofichua mengi. Ninaposema barafu nakusudia mteremko ulioyeyuka mchana ukaganda usiku, ule unaong'aa, ambao ubao ukipita unatoa sauti ya kukwaruza. Hapa makali yanaingia milimita chache tu, na uzito wote unabebwa na kingo hiyo nyembamba. Ubao wa slalomu ulishika vizuri kuliko wote. Ule mpana ulishika pia, lakini kwa gharama: makali yake yako mbali na katikati ya unyayo, kwa hiyo kila kona theluji inajaribu kuurudisha ubao uwe bapa na kifundo cha mguu kinapigana kuuzuia. Baada ya mishuko michache misuli ya pembeni ya miguu inawaka moto. Wembamba wa kiuno, ambao dukani unaonekana ni jambo la mitindo, kwenye barafu ni nyenzo halisi.

Kingine kilichoonekana wazi ni kazi ya titanali. Aloi hiyo huwekwa kwa bapa jembamba ndani ya ubao, na faida yake kubwa ni kumeza mtikisiko. Ubao usio nayo ulianza kutetemeka katikati ya kona, na makali yanayotetemeka yanagusa barafu kwa vipindi. Kila yanaponyanyuka yanapoteza mfereji wake. Mbao mbili zenye titanali zilibaki kimya. Waandaaji wa mashindano huumwagia mteremko maji au huutia chumvi makusudi ili ugande namna hii, mkimbiaji wa mwisho apate njia inayokaribiana na ya wa kwanza, kwa hiyo haishangazi kwamba mbao za mbio zimejengwa kwa ajili ya ugumu huo. Mwaka 2018 kule Pyeongchang, Mcheki Ester Ledecká alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa skii kwenye super-G, mbio za kasi zenye kona pana, kisha dhahabu nyingine kwa ubao kwenye slalomu kubwa sambamba, ambako wawili hushindana bega kwa bega. Kila ninapofikiria hilo najawa na heshima: vifaa viwili tofauti kabisa, na ujuzi uleule wa kuamini makali juu ya sakafu ngumu.

Hata hivyo, tofauti kubwa kuliko zote kwenye barafu haikutoka kwenye mbao. Siku moja niliuacha ubao wa slalomu bila kuunoa, nikaunoa ule wa tatu peke yake, kwa nyuzi 87, pembe kali zaidi. Ule laini, usio na titanali, ukaushinda ubao wa mbio. Nilirudia jaribio hilo asubuhi nyingine yenye barafu na matokeo yakawa yaleyale. Kwa hiyo mtu akiniambia ubao wake haushiki barafu, ninachotaka kujua kwanza ni lini aliunoa mara ya mwisho. Cha pili ni anavyosimama. Juu ya barafu ubao lazima ulale zaidi kuliko mwili, magoti na kiuno vikiukunja kuelekea ndani ya mlima huku kifua kikibaki juu. Mwili ukilala kuliko ubao, makali yanateleza kutoka kwenye kidaraja kidogo yalichokichonga thelujini, na hapo hakuna ubao utakaokuokoa.

Theluji kavu ya baridi kali sina mengi ya kuisemea. Chini ya nyuzi 10 hasi chembe zake huwa na ncha kali, huusugua ubao, na ule utando mwembamba wa maji unaofanya kila kitu kiteleze huwa haba. Mbao zote zilipungua mwendo sawasawa. Dawa ilikuwa nta ngumu ya baridi.

Mwisho wa msimu ndipo mpangilio wote ulipopinduka. Asubuhi mteremko ni barafu, saa nne juu yake pana sentimita mbili tatu za chembe zilizolegea ambazo ni tamu mno kukata, na kufika saa sita ni majimaji. Ubao wa slalomu, mfalme wa asubuhi, ukawa wa kwanza kunisumbua. Wembamba uleule unaoupa nguvu kwenye barafu unaufanya uzame: uzito wote unakaa juu ya eneo dogo, makali yanachimba chini kuliko inavyotakiwa, pua inajichomeka na mwendo unakatika ghafla. Ule mrefu haukuzama sana, lakini theluji iliyoloa haikuuachia kufika mwendo unaouhitaji, basi ukawa unakwenda moja kwa moja kama hautaki kugeuka kabisa.

Ule mpana sasa ukawa raha tupu. Unaelea, unasimama juu ya kidaraja kipana, na theluji laini inakubali kulazwa mpaka kiganja kinagusa chini. Sharti ni kutobonyeza kwa nguvu mwishoni mwa kona. Theluji iliyoloa haina ushirikiano wa chembe kama ile ya asubuhi. Ukiikandamiza ghafla, tandiko lote linakatika chini yako na kuondoka pamoja na ubao. Uzito uanze mapema, kona inapoanza tu, ukaribie kwisha kabla kona haijaisha. Jambo jingine la majira hayo ni mpito kutoka kivulini kwenda juani. Kivulini ubao unakimbia, juani maji yanazidi chini yake na kuunyonya, nawe unarushwa mbele. Nta ya joto husaidia, na uso wa chini uliochorwa mifereji myembamba husaidia zaidi, kwani maji yanapata pa kutokea. Nilipoupeleka ule mpana ukachorwe mifereji mikubwa zaidi, mvuto ulipungua mara moja.

Halafu kuna alasiri. Hii ndiyo theluji ambayo wengi wetu tunatelezea muda mrefu kuliko nyingine, na bado hakuna anayeizungumzia wakati wa kuchagua ubao: vichuguu laini vilivyosukumwa na watu, na katikati yake mabaka ya barafu yaliyofichuliwa. Nilitarajia ule mrefu, wenye uzito na titanali, ungevipasua vichuguu hivyo, na kweli ulivipasua, mpaka kufikia kimoja kikubwa kilichokuwa na kitu kigumu ndani. Hapo ugumu wake wote ukanirudia kwenye magoti. Ule wa tatu, ambao asubuhi ulikuwa haujatia fora popote, ndio ulioshinda. Ulaini wake unaufanya ujipinde kufuata umbo la theluji, pua iliyoinuliwa inapanda kichuguu badala ya kukigonga, na kiuno cha sentimita 23 ni chembamba kiasi cha kushika baka la barafu na kipana kiasi cha kutozama kwenye rundo linalofuata. Mistari yake ya alasiri haikuwa myembamba kuliko ya asubuhi ya ule wa slalomu, lakini saa hiyo hakuna ubao mwingine ulioacha mstari wowote unaostahili jina hilo.

Sasa naondoka na mbao mbili. Kabla ya kupanda lifti nakanyaga pembeni mwa njia kwa kisigino cha buti. Kisigino kikiteleza bila kuacha alama, natumia ubao wa slalomu, umenolewa nyuzi 87, na vifungo vya buti nimevielekeza nyuzi 60 mguu wa mbele na 57 mguu wa nyuma. Kikiingia kiasi cha unene wa kidole, nachukua ule wa tatu, na huo ndio ninaomalizia siku hata nikianza na mwingine. Kikizama mpaka kwenye kifundo, ule mpana nao unastahili kubebwa, pamoja na buti zake. Ule mrefu nimempa anayefanya mazoezi ya kupita kati ya vigingi asubuhi na mapema, kwenye mteremko uliofungwa kwa ajili hiyo, ambako kilomita 42 kwa saa si tatizo.